Divai Iliyovuka Ugogo

Katika siku za mwisho za Desemba 1878, msafara uliochoka ulitua Kageyi, kijiji cha ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, mashariki ya mahali ulipo mji wa Mwanza leo. Watu wa Kageyi walikwisha kumwona Mzungu. Henry Morton Stanley alipiga kambi hapo Februari 1875, akaunganisha vipande vya mashua yake, Lady Alice, akalizunguka ziwa. Safari hii waliokuja walivaa kanzu nyeupe na rozari shingoni. Walikuwa Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tumewazoea kwa jina la Mapadri Weupe, na mkuu wao alikuwa Padri Léon Livinhac. Walipanda meli Marseille mwezi Aprili, wakashuka Unguja, wakavuka hadi Bagamoyo, kisha wakatembea nusu mwaka. Padri Pascal, aliyewekwa kuliongoza kundi la wenzao waliokwenda Ziwa Tanganyika, alifia njiani hata Tabora hajaiona.

Padri yeyote wa zama zile alilazimika kubeba kitu kimoja ambacho barabara nzima isingeweza kumpatia kikimwishia. Nguo, shanga na waya za shaba zilinunua chakula kila kijiji. Ngano ya kuokea hostia ilipatikana Tabora, kwa kuwa Waarabu wa Unyanyembe waliilima katika mashamba yao. Divai haikupatikana. Kanisa Katoliki linadai divai ya misa itokane na tunda la mzabibu, na kusini mwa ziwa mzabibu haukuwako. Wasukuma walikuwa na pombe yao ya mtama na uwele. Wahaya na Waganda walikuwa na pombe ya ndizi, safi na nyingi, ambayo watu waliinywea arusi na matanga kwa vizazi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoruhusiwa kupanda altareni.

Tuipige hesabu hiyo vizuri, maana ndimo historia yote ilimo. Padri humimina kidogo katika kalisi, labda mililita 40. Zama zile kila padri aliadhimisha misa yake mwenyewe kila siku, kwa sababu desturi ya mapadri wengi kuadhimisha pamoja ilirudishwa tu na Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Kwa mwaka, basi, padri mmoja alitumia lita 15 hivi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 au zaidi kidogo. Ukiongeza uzito wa chupa na kasha, divai ya padri mmoja ilichukua zaidi ya nusu ya mzigo wa mtu mmoja, kutoka pwani hadi ziwani, kila mwaka. Misheni yenye mapadri watatu ilihitaji wapagazi wawili wa divai peke yake. Na chupa ikishafunguliwa haikwishi siku ile. Inakaa wiki mbili au tatu katika joto la Usukuma, ikifunguliwa na kufungwa kila alfajiri.

Hapo ndipo siki inapoingia. Louis Pasteur alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1860 kwamba divai haichachi kwa bahati mbaya. Viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huitumia hewa kuigeuza pombe ya divai kuwa asidi ya siki, na joto huviharakisha. Divai ya kawaida, yenye kilevi cha asilimia 10 au 11, ingeanza safari ikiwa divai na kumaliza ikiwa kiungo cha kachumbari. Padri aliyefika Kageyi na divai iliyogeuka siki hakuwa na misa, hata kama kila kitu kingine kilifika salama.

Dawa ya tatizo hilo ilijulikana Ulaya kwa karne nyingi. Mapokeo ya kusini mwa Ufaransa yanamtaja mganga Arnau de Vilanova, aliyefundisha Montpellier mwishoni mwa karne ya 13, kuwa ndiye aliyeigundua. Maji ya zabibu yakianza kuchachuka, chachu hula sukari na kutoa kilevi. Ukiyaacha, chachu itaila sukari karibu yote, na divai itakuwa kavu. Lakini ukimimina spiriti iliyokenekwa kutoka divai nyingine wakati sukari ingali nyingi, chachu inakufa. Kinachobaki ni divai tamu, nzito, yenye kilevi cha asilimia 15 hadi 20, na vijidudu vya siki haviwezi kuishi humo kwa raha. Utamu na nguvu vinakuja kwa tendo moja. Mnywaji wa leo hudhani divai tamu ni ya watu wasioujua mvinyo, na mimi nasema anakosea. Ilizaliwa kama ufundi wa kuhifadhi, na mataifa ya bahari yaliitegemea hasa kwa sababu hiyo.

Wareno waliitumia katika bonde la Douro, wakichanganya aina nyingi za zabibu nyeusi, Touriga Nacional ikiwa miongoni mwake, na kupata divai ya Porto. Katika kisiwa cha Madeira walikuwa na zabibu nne za fahari, kuanzia Sercial iliyo kavu, kupitia Verdelho na Bual, hadi Malvasia iliyo tamu kabisa. Mapipa ya Madeira yaliyovuka nchi za joto tumboni mwa meli yalirudi yakiwa na ladha bora kuliko yalivyoondoka, jambo lililowashangaza wafanyabiashara hadi wakaanza kuipasha divai moto makusudi. Huko Andalusia, Wahispania walikuwa na zabibu ya Pedro Ximénez, ambayo huvunwa na kuanikwa juani juu ya mikeka, kama dagaa wanavyoanikwa ufukweni Ukerewe, mpaka isinyae na sukari yake ijikusanye. Divai yake ni nyeusi kama asali ya nyuki wadogo, na huenda taratibu ndani ya glasi.

Zabibu inayotuhusu zaidi sisi wa ziwa, hata hivyo, ni Muscat. Ni jamii ya kale sana katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Ile yenye punje ndogo huchukuliwa kuwa ndiyo bora kwa harufu. Mtoto wake, Muscat wa Aleksandria, ana punje kubwa na haogopi joto. Huyu wa pili ni zabibu ya kazi tatu, kwani watu huila mbichi, huikausha na huikamua. Harufu ya maua na chungwa iliyo katika tunda husalia katika divai, jambo ambalo zabibu nyingi haziwezi.

Na Mapadri Weupe walikuwa na Muscat yao wenyewe. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, mara baada ya njaa na magonjwa yaliyoua watu wengi sana nchini Algeria na kuacha mayatima wengi mikononi mwake. Huko Maison-Carrée, nje kidogo ya Algiers, Lavigerie aliweka makao ya shirika pamoja na mashamba, na mizabibu ikapandwa. Wakati wenyewe ulimsaidia. Mdudu wa filoksera, aliyeletwa kutoka Marekani, alikuwa akila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa tangu miaka ya 1860, na kadiri mashamba ya kusini mwa Ufaransa yalivyokufa ndivyo ya Algeria yalivyopanuka. Divai ya Muscat ya Mapadri Weupe ikawa bidhaa yenye jina. Baadaye, mwaka 1895, walifungua shamba jingine kubwa Thibar, Tunisia, ambalo hadi leo linakumbukwa kwa Muscat na kwa kinywaji kitamu kiitwacho Thibarine. Shirika lililotuma vijana wake kufa kwa homa kando ya Ziwa Viktoria lilikuwa pia shirika la wakulima wa zabibu, na sioni ajabu katika hilo. Watu waliojua thamani ya tone moja la divai walikuwa wamejifunza pia kuilima.

Roma ilitakiwa kutoa uamuzi. Je, divai iliyoongezwa spiriti bado ni divai ya misa? Maswali hayo yaliletwa na maaskofu wa nchi zilizosafirisha divai mbali, na Ofisi Takatifu ikajibu hatua kwa hatua. Mwaka 1890 ilikubali spiriti iongezwe ili kuihifadhi divai, kwa masharti kwamba itokane na zabibu na kilevi chote kisizidi asilimia 12. Mwaka 1896 ikasogeza mpaka: kwa divai tamu zilizo na nguvu kiasili, kiwango kingeweza kufika asilimia 17 hadi 18. Sharti la spiriti ya zabibu lilibaki palepale. Spiriti ya miwa au ya nafaka, hata ingekuwa safi namna gani, haikubaliwi. Aidha, divai iliyotengenezwa kwa zabibu kavu iliruhusiwa, mradi kwa rangi na ladha ionekane kuwa divai ya kweli. Kanisa la Ethiopia limetumia njia hiyo ya zabibu kavu kwa muda mrefu sana. Masharti hayo yanaweza kusomeka kama ukaidi wa makarani. Kwa padri wa misheni ya mbali yalikuwa ndiyo tofauti kati ya kuwa na misa na kukosa.

Kutoka Kageyi, Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi wakafika Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Wenzao waliwafuata miezi michache baadaye. Mwishoni mwa 1882 hali ya Buganda iliwalazimu waondoke, na mwaka 1883 wakafungua misheni ya Bukumbi, kwenye ghuba ya Mwanza, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Misungwi. Buganda iliwapokea tena na kuwafukuza tena. Mwaka 1888 wamisionari na Wakristo walitupwa nje, na Kabaka Mwanga mwenyewe, aliyepinduliwa mwaka huohuo, alikimbilia kusini mwa ziwa na baadaye kupata hifadhi Bukumbi. Misheni hiyo ndogo ilikuwa ghala, hospitali, kimbilio na kanisa kwa wakati mmoja. Mwaka 1889 Padri August Schynse alitembea hadi pwani pamoja na msafara wa Stanley na Emin Pasha, akarudi, na mwaka 1891 akafa Bukumbi. Mwaka 1892 Askofu Hirth alifungua Kashozi, karibu na Bukoba, na misheni za upande wa magharibi wa ziwa zikazidi kuongezeka.

Misheni zote hizo zilihitaji mvinyo uleule wa zabibu, na kabla ya reli ulikuja kwa njia ileile: Bagamoyo, Mpwapwa, Ugogo, Tabora, ziwani. Hapa naomba msomaji atulie kidogo katika Ugogo. Waandishi wengi wa safari wa zama zile waliichukia nchi hiyo. Walilalamikia hongo waliyotozwa na watemi wa Kigogo, visima vilivyokauka, upepo wa vumbi, na ukame wa miezi saba au minane bila tone la mvua. Wapagazi waliivuka haraka kadiri walivyoweza, na divai ikiwa vichwani mwao. Hakuna aliyeutazama udongo ule mwekundu na ukame ule na kufikiri kwamba ndiyo nchi ambayo ingeweza kuwapa divai. Zabibu iliyotoka Afrika Kaskazini au Ulaya ilipita juu ya shamba lake yenyewe, na ikaendelea kupita kwa miaka mingi.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu Desemba 1901, na ndani ya miaka michache meli za Winifred, Sybil na Clement Hill zilikuwa zikizunguka ziwa. Mwanza, kituo cha Wajerumani tangu 1892, ikawa bandari. Mzigo ulioshushwa Mombasa ulifika Mwanza bila kubebwa kichwani hata hatua moja. Maduka ya Wagoa na ya Wahindi yaliweza kuweka vinywaji vya Ulaya rafuni, Porto ikiwamo, kwa maofisa na wafanyabiashara. Vita ya 1914 ikavunja njia hiyo: Waingereza waliizuia pwani ya Wajerumani kwa manowari, mpaka wa ziwa ukawa uwanja wa mapigano, na Julai 1916 Mwanza ikaangukia mikononi mwao. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na tangu hapo treni ya Dar es Salaam ikapita Dodoma na mizigo ya ziwa, kwenye udongo uleule wa Ugogo.

Chini ya Waingereza, sehemu kubwa ya divai tamu ya Afrika Mashariki ingeweza kutoka kusini mwa bara hilihili. Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa na Muscat wa Aleksandria tangu karne ya 17, huko ukiitwa Hanepoot, na chama cha wakulima cha KWV, kilichoanzishwa mwaka 1918, kilikuwa na divai nyingi za kuongezwa spiriti za kuuza nje. Lakini baada ya uhuru Tanganyika ilisusia bidhaa za Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Msimamo huo ulikuwa wa haki, na gharama yake ilionekana hata katika vitu vidogo. Nchi yenye Wakatoliki mamilioni ilibidi ijiulize divai yake itatoka wapi.

Jibu lilikuwa limeanza kuchipua. Wamisionari wa Italia walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, katikati ya karne ya 20, na wafungwa wa gereza la Isanga wakaipanda baada yao. Ukame uliowatesa wapagazi ukageuka mali. Mzabibu unapenda miguu mikavu na jua, na adui yake mkubwa katika nchi za joto ni unyevu. Ubwiri unga na ubwiri vinyoya hushambulia majani na punje pale hewa inapokaa na maji. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Mwanza hupata nusu ya hiyo, iliyogawanyika katika misimu miwili, pamoja na umande wa ziwa. Dodoma hupata chini ya 600, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Ndiyo maana mizabibu ya mapambo unayoiona katika baadhi ya nyua za Mwanza hutoa majani mazuri na matunda machache yenye madoa, na ndiyo maana ni vigumu kuanzisha shamba kubwa la zabibu ufukweni mwa ziwa.

Dodoma ina jambo jingine linalowashangaza wakulima wa Ulaya. Kule, baridi huulaza mzabibu kila mwaka, na mavuno ni mara moja tu. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huulaza kwa mkasi. Akimaliza kuvuna, anapogoa, na mti unaanza upya kana kwamba msimu wa baridi umepita. Anavuna Februari au Machi, kisha Agosti au Septemba. Aina kuu ya zabibu nyekundu ni ile iliyopewa jina la kituo cha utafiti cha Makutupora, kaskazini mwa mji, na kwa upande wa nyeupe kuna Chenin Blanc, zabibu ya bonde la Loire iliyopita Afrika Kusini na kuzoea jua. Baadaye zimeongezwa Syrah na aina za Kiitalia kama Aglianico na Teroldego. Kiwanda cha umma cha DOWICO kilitengeneza mvinyo wa Dodoma hadi kiliposimama katika miaka ya 1990, na viwanda binafsi, pamoja na kile cha CETAWICO cha Hombolo kilichoanzishwa mapema miaka ya 2000, vikaendeleza kazi. Divai ya misa ikawa miongoni mwa bidhaa za Dodoma. Kwa mara ya kwanza altare ya Mwanza iliweza kupata divai ya Tanzania.

Wakati huohuo wanateolojia wa Afrika waliuliza swali zito zaidi. Jean-Marc Ela wa Kamerun alihoji kwa nini mkulima wa mtama amtolee Mungu mazao ya nchi asiyoijua. Swali hilo linamhusu pia Mhaya mwenye mgomba na Msukuma mwenye mtama. Roma haikubadili msimamo. Sheria mpya ya Kanisa ilitangazwa Januari 1983, mwaka ambao Bukumbi ilitimiza miaka 100, na kanuni yake ya 924 inasema bado kwamba divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Mimi namwelewa Ela, na uchungu wa swali lake naupokea. Lakini naona pia kwamba mzabibu wa Dodoma umelijibu kwa sehemu, kwa kuifanya divai kuwa zao la mkulima wa Kigogo.

Kilichobaki ni ladha. Katika baa na sherehe za Mwanza, watu wengi wanapoagiza mvinyo wanaagiza mtamu na mwekundu, Dompo ya Dodoma au chupa za Afrika Kusini zilizorudi baada ya 1994. Wataalamu wengine wanauona utamu huo kama ulimi usiokomaa. Sikubaliani nao. Kosa liko kwingine: utamu mwingi unaouzwa leo hautokani na sukari ya zabibu iliyookolewa na spiriti ya zabibu. Kutengeneza divai ya namna hiyo kunahitaji mtambo wa kukeneka zabibu, na spiriti nyingi nchini mwetu hutoka kwenye molasi ya miwa, ambayo ni rahisi zaidi. Wakati huohuo wakulima wa Dodoma wameonekana zaidi ya mara moja wakilia zabibu zao zikiozea shambani kwa kukosa mnunuzi. Zabibu hizo zisizonunuliwa ndizo zingekenekwa. Zingekuwa spiriti halali kwa meza na kwa altare pia, na Makutupora nyekundu ingepata kukaa piponi miaka kadhaa kama Porto inavyokaa. Serikali imekwisha kuupunguzia ushuru mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu ya nyumbani, kwa hiyo mlango umefunguliwa nusu.

Lori likiondoka Dodoma na makasha ya divai, linapita Singida na Shinyanga kwenye lami na kufika Mwanza ndani ya siku moja. Divai kavu ya kawaida, isiyoongezwa chochote, ingefika salama kabisa. Hata hivyo madukani Mwanza wateja bado wanaomba ile tamu, na wenye maduka wanaagiza tamu.